Malkia wa Mvua na Zamu ya Kopo

Ta.

Sauti hiyo ndogo ilidondoka gizani, ikanyamaza, kisha ikarudi. Ta. Ta. Hayat alifungua macho. Nje ya dirisha, tone la maji lilikuwa likigonga kitako cha kopo.

Katika ua wao wa Shauri Moyo kulikuwa na bomba moja kwa nyumba zote. Maji yalikuja Jumatatu na Alhamisi, alfajiri kabla ya adhana, na hayakukaa. Kwa hiyo wakazi walikuwa na desturi yao. Jioni ya kuamkia siku ya maji, bomba liliachwa wazi, na chini yake likawekwa kopo tupu la maziwa ya unga, limepinduliwa kichwa chini. Maji yakifika, kopo linalia. Nyumba yenye zamu hulala dirisha wazi, na mtu wake akisikia kopo hutoka kugonga kila mlango. Wengine wote hulala usingizi wao bila wasiwasi, kwa kuwa wanajua kuna sikio linalowasubiria maji.

Mwezi huo zamu ilikuwa ya nyumba ya kina Hayat. Mama yake, Muhiba, alikuwa akipika mahamri ya kuuza soko la Gikomba, na usiku alilala kama gogo kwa uchovu. Hayat alikuwa na miaka kumi na miwili, gredi ya sita, na yeye ndiye aliyeomba apewe zamu.

"Nitaweza, Mama."

"Najua utaweza," Muhiba alisema, akampa simu yake ya kumulikia njia.

Hayat alitoka, akagonga kwa Nerima, mama wa mtoto mchanga. Akagonga kwa Mzee Nyongesa wa kiwanda cha sabuni, na kwa Mama Asenath, muuza uji.

"Maji yamekuja," alisema kila mlangoni. Hakupaza sauti. Milango ilifunguka, mitungi ya njano ikapangwa foleni.

"Mtoto huyu ana sikio la paka," Mama Asenath alisema huku akipiga miayo. "Panya wa Gikomba wangemjua, wangehama."

Mitungi ilipojaa, Hayat alibaki na muda kidogo kabla ya kuvaa sare ya shule. Muda huo ulikuwa wake na wa Malkia wa Mvua.

Malkia wa Mvua ilikuwa karata. Huwezi kuishika mkononi, kwa maana ilikuwa ndani ya simu, katika mchezo ulioitwa Falme za Karata, ambao nusu ya darasa lao waliucheza. Kila siku mchezo ulitoa kazi ndogo: cheza michezo mitatu, tumia karata ya moto, msaidie rafiki. Ukimaliza kazi unapewa nyota. Nyota zikilijaza duara mwisho wa msimu, unapewa karata ambayo haiuzwi popote. Msimu huo karata yenyewe ilikuwa Malkia wa Mvua, mwanamke aliyejitanda kanga ya kijivu, ameinua mkono mmoja, na mawingu yote yanamsikiliza.

Hayat hakuwa mchezaji hodari, wala hakuwa na pesa za kununua karata kali. Lakini kazi za kila siku hazikutaka uhodari. Zilitaka uvumilivu, na uvumilivu alikuwa nao. Siku baada ya siku, duara lake lilijaa polepole kama mtungi chini ya bomba lenye nguvu ndogo.

Halafu Jumanne moja, duara likiwa limebakiza upenyo mwembamba kama ukucha, alifungua mchezo akakuta maneno ya rangi ya dhahabu: Tumeboresha kazi zako.

Alisoma mara mbili. Kazi ya kucheza michezo mitatu haikuwapo tena. Mahali pake paliandikwa: shinda michezo mitatu mfululizo. Na msimu, ambao ulikuwa uishe mwisho wa mwezi, sasa ungekwisha Alhamisi jua likichomoza.

Shuleni, wakati wa mapumziko, alimkuta rafiki yake Lorine ameegemea ukuta na uso wa matanga.

"Umeona?" Hayat aliuliza.

"Nimeona, manze. Wametubeba ujinga. Eti wameboresha. Wameboresha nini?"

"Wamewaboreshea wanaonunua," alisema Zaid, mvulana wa darasa lao. "Binamu yangu wa Komarock amenunua karata kali za moto. Huyo anashinda hata akiwa amesinzia."

"Sasa tufanye nini?"

"Tulie," Lorine alisema. "Tukimaliza kulia, twende tukapange foleni ya githeri ya mchana."

Walicheka, lakini Hayat alicheka kidogo tu. Jioni aliandika malalamiko kwa wenye mchezo, kwa Kiingereza chake bora kabisa. Alieleza kwamba alikuwa amefanya kila walichosema, kila siku, na kwamba si haki kubadilisha masharti safari ikikaribia mwisho. Jibu lilikuja kabla hajaweka simu chini: Asante kwa kutuandikia. Tumekusikia.

Akaandika tena. Je, angeweza kuongea na mtu?

Asante kwa kutuandikia. Tumekusikia.

Hayat aliitazama simu kwa muda mrefu. Maneno yalikuwa mazuri, lakini upande wa pili hakukuwa na mtu.

Jumatano usiku, Muhiba alimkabidhi simu kama kawaida. "Bando limebaki kidogo," alisema. "Na usiguse mchezo kabla ya maji. Kopo kwanza. Sawa, mama?"

"Sawa."

Hayat alikusudia kutii. Lakini aliamka mapema mno, kukiwa bado giza zito na kopo likiwa kimya. Aliufikiria ule upenyo mwembamba kama ukucha. Maji hayajaja, alijiambia. Yakija nitasikia.

Akajifunika shuka hadi kichwani, akafungua mchezo.

Wa kwanza alishinda kwa bahati. Wa pili alishinda kwa kujificha nyuma ya karata zake ndogo, akingoja mpinzani achoke. Mchezo wa tatu ulipofika katikati, nje ya dirisha kopo lilisema, ta.

Hayat aliganda. Akiweka simu chini, saa ya mchezo itamhesabia ameshindwa, na hakuna kurudia, kwa sababu jua halitamngojea. Ta. Ta. Dakika moja tu, aliwaza. Lakini kopo lilikuwa likizidi kulia, na kando yake mama aligeuka kitandani.

Alitoka kwa kunyata, simu mkononi. Kando ya bomba kulikuwa na kitambaa cha kudekia. Akakichukua, akalifunika kopo. Maji yaliendelea kushuka, ila sasa yaliteleza juu ya kitambaa bila sauti, yakaingia mtaroni. Milango yote ilikuwa imefungwa. Nyuma yake watu walilala, wakiliamini kopo.

Akarudi chini ya shuka, na dakika moja ikazaa nyingine. Mpinzani alikuwa mjanja, akichelewesha kila zamu yake. Hatimaye Hayat alitupa karata yake ya mwisho, na kioo kikawaka dhahabu. Ameshinda. Nyota ikaruka, ikaingia kwenye duara, na duara likafungika.

Alingoja Malkia. Yakaja maneno: Hongera. Malkia wa Mvua amehamishiwa msimu ujao. Endelea kucheza.

Hayat alisoma, akasoma tena. Alihisi kama mtu aliyepanda ngazi gizani akaweka mguu mahali ambapo hapana ngazi. Kisha akakumbuka bomba.

Alikimbia. Kitambaa kilikuwa kimelowa chapachapa. Bomba lilitoa uzi mmoja wa maji, ukakatika. Likakohoa hewa, likanyamaza. Msikitini adhana ilianza.

Aliondoa kitambaa, akakikamua, akakirudisha mahali pake. Kopo alilifuta kwa upindo wa gauni.

"Hayat?" Muhiba aliita kutoka ndani, sauti nzito ya usingizi. "Maji vipi?"

Kungekuwa na jibu bora zaidi kama angepata muda wa kufikiri. Alilopata lilikuwa hili: "Hayajaja, Mama."

Muhiba aliguna. Alitawadha kwa maji kidogo yaliyobaki kwenye birika, akayamimina kwa uangalifu kama mafuta.

Kulipokucha, ua mzima ulisimama kuzunguka bomba kavu. Mama Asenath alikuwa na sufuria kubwa ya uji isiyo na kitu, na wateja wake wa Gikomba wasingemngoja. Nerima alitoka na beseni la nepi, mtoto akilia mgongoni.

"Na jana usiku ameendesha," Nerima alisema. "Sijui nitamwogesha na nini."

Muhiba aliingia ndani. Akatoka na nusu mtungi wao wa akiba, akauweka mlangoni kwa Nerima. Hayat alitazama miguu yake.

"Huyu ni Bwire," Mzee Nyongesa alisema. "Ametufungia akafungulia wengine. Kuna mtu amempa kitu kidogo."

Bwire alikuwa kibarua wa maji. Alizunguka mtaani alfajiri na ufunguo mrefu wa chuma, akifungua laini moja baada ya nyingine. Alikuwa pia baba yake Lorine.

"Msimamizi wake namjua," Nyongesa aliendelea, akitoa simu. "Leo jioni atakuja hapa. Kibarua hana barua ya kazi. Akiambiwa asirudi, harudi."

Shuleni habari zilikuwa zimetangulia. Zaid, ambaye shangazi yake aliishi kwenye ua huo, alimngojea Lorine mlangoni mwa darasa.

"Lorine, hebu tuuzie maji kikombe kimoja. Tumesikia baba yako ana duka."

"Baba hakuuza kitu," Lorine alisema. "Amefungua laini ya kina Hayat kabla ya adhana. Amerudi nyumbani viatu vimelowa, nimeviona." Akamgeukia Hayat. "Si wewe ndiye wa kopo? Waambie."

Darasa lote lilimtazama. Hayat alifungua mdomo.

"Sikusikia kopo," alisema.

Lorine alichukua mkoba wake, akahamia dawati la nyuma.

Jioni, Bwire alikuja uani mwenyewe, kabla ya msimamizi. Alikuwa mtu mwembamba, na siku nyingine angewatania watoto kwamba ufunguo wake ni fimbo ya mfalme. Leo aliulaza ule ufunguo chini, akavua kofia.

"Jirani zangu," alisema, "nimefungua. Mkono huu ndio uliozungusha. Nimeyasikia maji yakipita kwenye bomba chini ya miguu yangu. Sijui yalikwenda wapi."

"Sawa, Bwire," Nyongesa alisema, akiangalia pembeni. "Tumekusikia."

"Mzee, niulize lolote."

"Tumekusikia."

Hayat alikuwa amesimama mlangoni. Maneno hayo aliyajua. Aliijua pia sura ya Bwire, sura ya mtu anayesema kweli mbele ya ukuta. Aligeuka, akaingia ndani, ambako mama yake alikuwa akikanda unga wa mahamri.

"Mama, nimefunika kopo."

Mikono ya Muhiba ilisimama ndani ya unga. Hayat alieleza yote, bila mpangilio: nyota, kitambaa, Malkia aliyehamishwa, uongo wa alfajiri, uongo wa darasani. Alipomaliza alingoja kupigwa au kupigiwa kelele. Muhiba alinawa mikono kwenye bakuli dogo, akaketi kitandani, akamvuta karibu.

"Walipobadilisha masharti yao," aliuliza, "kilichokuuma hasa ni nini?"

Hayat alifikiri. "Nilikuwa nimefuata kila walichosema. Halafu wakageuza wenyewe. Na hakukuwa na mtu wa kumuuliza."

"Nerima naye alifuata tulichokubaliana. Aliacha bomba wazi, akalala, akakuachia wewe sikio lake. Ameamka amegeuziwa. Anauliza, na anayejua amenyamaza."

Hayat alianza kulia. Muhiba alimfuta kwa ncha ya leso.

"Wale wa mchezo hatuwawezi, mwanangu. Mimi mwenyewe siwawezi. Wakitaka kugeuza kesho, watageuza, na mimi na wewe tutabaki tumeshika simu. Mambo ya namna hiyo utayaona mengi, na utaumia. Lakini hapa uani, upande wa pili kuna mtu. Mtu huyo ni wewe. Jirani akiuliza, mtu anajibu. Hilo tu ndilo tulilo nalo sisi."

"Watanichukia."

"Pengine, kwa siku chache. Mimi nitasimama nyuma yako. Lakini sitakusemea."

Nje, msimamizi alikuwa amefika, mwanamke mrefu aitwaye Bi Elsie, buti zake zimejaa tope la mitaa mingine. Nyongesa alikuwa akimweleza huku akinyoosha vidole. Bwire alisimama kando, kofia mkononi, kama mtu asiyekuwapo.

Hayat alipita katikati ya watu wazima. Alihisi mkono wa mama yake mgongoni, ukigusa tu, bila kusukuma.

"Maji yalikuja," alisema. "Mimi nilifunika kopo kwa kitambaa, kwa sababu nilikuwa nacheza mchezo wa simu. Baba Lorine hakukosa."

Mtoto wa Nerima alipiga chafya. Mzee Nyongesa alikohoa, akatazama simu yake kama kwamba ndiyo iliyomdanganya.

"Mchezo," alisema hatimaye. "Maji ya watu, kwa mchezo."

"Ndiyo, Mzee. Nisamehe. Naomba wote mnisamehe."

Bi Elsie alimtazama Bwire. "Kesho laini yako ni ileile," alisema.

Bwire alivuta pumzi ndefu kama bomba linalotoa hewa. Aliinama kwa Hayat. "Umenitoa mbali," alisema taratibu. "Ulikuwa umenipeleka mbali pia." Kisha akauokota ufunguo wake, akawageukia wengine. "Siku nyingine, jirani zangu, niulizeni. Halafu mngoje jibu."

Mzee Nyongesa alimfuata hadi barabarani. Walionekana wakizungumza, mzee ameinamisha kichwa.

Mambo hayakurudi mahali pake siku ileile. Nerima alimwitikia Hayat salamu, lakini kwa mbali. Malkia wa Mvua hakurudi, na Hayat hakumtafuta tena. Jumamosi, Muhiba alichanga pesa na Mama Asenath, wakanunua maji ya mkokoteni, na Hayat akabeba mtungi wa Nerima hadi mlangoni, akipumzika kila hatua chache. Nepi pia alizifua. Hakuna aliyemwambia afue.

Mchana Lorine alitokea langoni.

"Baba ameniambia nije."

"Na wewe umesemaje?"

"Mimi bado nimekasirika." Lorine alipiga kijiwe teke. "Lakini nimekuja." Kisha akauliza, "Angalau ulimpata Malkia?"

"Nilishinda yote mitatu. Wakamhamishia msimu ujao."

Lorine alijaribu kutocheka, akashindwa. "Manze. Hata wewe wamekubeba ujinga." Akachukua kipande cha sabuni, akachuchumaa kwenye beseni.

Jumapili jioni, wakazi walikutana bombani kuliweka kopo. Mzee Nyongesa alilichukua, akaligeuzageuza mikononi.

"Labda zamu ihamie kwangu," alisema. "Mtoto apumzike."

Mama Asenath alitikisa kichwa. "Kopo likihama leo, mtoto huyu atajifunza kwamba ukisema kweli unanyang'anywa. Mimi nimepoteza uji wa siku moja. Sitaki tupoteze na mtoto. Mwache amalize mwezi wake."

Nyongesa alifikiri, kisha akamnyooshea Hayat kopo. Hayat alilipokea kwa mikono miwili, akalipindua chini ya bomba lililo wazi. Kitambaa cha kudekia alikichukua, akakianika mbali, kwenye kamba ya nguo.

Ndani, Muhiba alimpa tochi. Simu aliiweka chini ya mto wake mwenyewe.

"Utaniamini, Mama?" Hayat aliuliza.

"Mtu haaminiwi mara moja tu," Muhiba alisema, akimfunika shuka. "Anaaminiwa kila alfajiri, upya. Lala. Dirisha nimeliacha wazi."

Hayat alilala, akaamka, akalala tena. Giza lilikuwa zito. Mama yake alipumua polepole kando yake. Mbali, chuma kiligonga chuma, kama ufunguo mrefu ukiingia mahali pake. Bomba likakohoa.

Ta.

Hayat alikuwa ameshasimama. Alivuka ua kwa mwanga wa tochi, akasimama mbele ya mlango wa Nerima, akagonga. Ndani kitanda kililia, na nyayo zikasogea. Mlango ukafunguka kidogo, na uso wa Nerima ukaonekana, mtoto begani, macho yakimtazama Hayat.

"Maji yamekuja," Hayat alisema.